Diski Pacha za Seva: Tuzifunge kwa Kadi au kwa Programu?

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja, yaani diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile kwa wakati mmoja ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu inauliza swali ambalo wengi hulileta wakiwa wameshanunua vifaa.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, pokea salamu kutoka Moshi. Mimi ni mtunza kompyuta wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama wasiofika 2,000. Uongozi umenunua seva ya mtumba yenye nafasi nne za diski na kadi ya RAID (ya kuzifunga diski kadhaa zifanye kazi pamoja) iliyokuja nayo, na tumenunua diski mbili mpya za SATA, TB 2 kila moja. Muuzaji anasisitiza nizifunge kwa kadi. Anasema upacha wa programu ni wa wanafunzi wa kujifunzia. Mpwa wangu anayesomea kompyuta chuoni ananiambia niizime kadi na kazi hiyo niiachie Linux. Tutaweka Debian, ambayo ni aina ya Linux, na hifadhidata ya PostgreSQL, na makarani ni sita. Umeme wetu hukatika, nasi tuna UPS inayodumu kama dakika 20. Naomba uniamulie, maana mambo yakiharibika mwenyekiti hatamtafuta muuzaji wala mpwa wangu, atanitafuta mimi.

JIBU: Ndugu msomaji wa Moshi, kwa seva uliyoieleza ningemfuata mpwa wako. Hata hivyo muuzaji hakukudanganya. Amekupa jibu la seva nyingine, na ni vyema uijue seva hiyo ni ipi, kwa sababu huenda siku moja ukakabidhiwa.

Kwa Kiingereza mpango huu hufananishwa na kioo. Mimi hupenda kuuita upacha, kwa kuwa sura iliyomo kwenye kioo hutoweka pindi mwenyewe anapoondoka, ilhali diski hizi kila moja ina uhai wake, na uhai huo ndio tunaoutafuta. Wazo lenyewe ni kongwe. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha mwaka 1988 makala iliyolitangaza jina la RAID, waliuweka upacha kuwa daraja la kwanza, nao wakautaja kama desturi iliyokuwapo tayari. Herufi I katika jina hilo ilisimamia neno lenye maana ya bei nafuu. Baadaye, makabati ya diski yalipoanza kuuzwa kwa bei isiyo nafuu hata kidogo, wauzaji wakaona ni afadhali isimamie neno lenye maana ya kujitegemea.

Hoja ya muuzaji ina mzizi wake. Katika daraja la 5 na la 6 la RAID, kila kinachoandikwa hulazimu hesabu ya data ya ziada itakayosaidia kufufua yaliyokuwa kwenye diski iliyokufa, na zamani, prosesa zilipokuwa dhaifu, hesabu hiyo iliilemea seva kiasi cha kumfanya mtu anunue kadi yenye prosesa yake. Katika upacha hakuna hesabu ya aina hiyo. Linux ikipokea kitu cha kuandika hukipeleka kwenye diski ya kwanza na ya pili, basi. Kinachoongezeka ni kwamba data ileile hupita mara mbili kwenye njia ya kwenda kwenye diski, na kwa diski mbili za kuzunguka njia hiyo ina nafasi tele. Katika kusoma, md, ambayo ndiyo sehemu ya Linux inayoshughulikia upacha, huwagawanya wasomaji kwenye diski zote mbili. Lakini msomaji mmoja anayesoma faili moja kubwa huhudumiwa na diski moja, kwa hiyo usifadhaike ukipima kwa kunakili faili moja na kukuta kasi haijaongezeka.

Mahali ambapo kadi nzuri huizidi Linux waziwazi ni kwenye maandishi madogomadogo ya hifadhidata. Karani anapothibitisha muamala, PostgreSQL haimjibu mpaka diski iseme kwamba maandishi yamekwisha kukaa. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na kwa makadirio ya kifundi miamala inayofuatana mmojammoja haitazidi sana idadi hiyo kwa sekunde. Kadi yenye kumbukumbu yake ya ndani hufupisha safari: hupokea maandishi, huyaweka kwenye kumbukumbu hiyo, huiambia seva kwamba yamekwisha kuandikwa, kisha huyapeleka kwenye diski kwa wakati wake, hata miamala maelfu ikaweza kupita ndani ya sekunde moja. Sasa jiulize makarani wako sita huandika miamala mingapi. Hata siku ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika barabarani, sidhani kama wote kwa pamoja watafikisha miwili kwa sekunde.

Ahadi hiyo ya kadi, kwamba yameandikwa ilhali bado, ndiyo inayohitaji betri. Umeme ukikatika maandishi yakiwa kwenye kumbukumbu ya kadi, betri huyashikilia mpaka umeme urudi. Kadi za siku za karibuni huyahamishia kwenye chipu isiyohitaji umeme, zikitumia nguvu iliyohifadhiwa kwenye kapasita. Seva yako ni ya mtumba. Kabla hujabishana tena na muuzaji, izime, chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, uitafute kadi na uiangalie betri yake, ambayo mara nyingi ni pakiti bapa iliyofungwa juu ya kadi au kuunganishwa nayo kwa waya mfupi. Katika seva za mtumba nilizozifungua, betri hiyo nimeikuta mara nyingi imevimba kama andazi, gamba lake la plastiki limeachana pembeni. Kadi iliyopangwa vizuri ikiona betri imekufa huacha kutoa ahadi za mapema na kurudi kuisubiri diski, na hapo kasi yote uliyouziwa imekwisha. Kadi ambayo mtu ameilazimisha iendelee kuahidi bila betri ni mbaya kuliko kutokuwa na kadi kabisa, kwa kuwa hifadhidata itaamini kwamba muamala upo salama, umeme utakatika, na muamala hautakuwapo. UPS ya dakika 20 inasaidia, lakini haizuii pawasapulai ya seva kuungua, wala haimzuii mfagizi kuung'oa waya kwa ufagio.

Tuache kasi, tuje kwenye siku ya msiba, kwa maana hiyo ndiyo iliyoniamulia. Tuseme radi imepiga, mothabodi na kadi vimekufa, diski zimesalimika. Kadi huandika kwenye diski maelezo ya mpango wake kwa namna ya mtengenezaji wake, na njia ya uhakika ya kuzisoma diski hizo ni kupata kadi nyingine ya ukoo uleule, kisha kuiamuru iupokee mpango wa kigeni inaoukuta juu yake. Kwa kampuni yenye mkataba wa matengenezo kadi hiyo huletwa. Kwa chama chenu, kadi ya seva iliyokwisha kuacha kutengenezwa itatafutwa Dar es Salaam, ikikosekana itatafutwa Nairobi, ikikosekana itaagizwa na kusubiriwa, huku wanachama wamesimama dirishani wakiuliza akiba zao. Ni kweli kwamba baadhi ya kadi huiacha data ya pacha mahali pake pa kawaida na kuweka maelezo yao mwishoni mwa diski, hata diski moja ikaweza kusomeka bila kadi. Lakini kama kadi yako ni ya aina hiyo au siyo, wengi hulijua jambo hilo siku ileile ya msiba.

Diski iliyofungwa na md haikudai kadi ya ukoo wowote. Unaichomoa, unaichomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, hata iwe ya mpwa wako, kwa waya wa SATA au kwa kikasha cha USB, nayo mdadm, programu iliyoanzishwa na Neil Brown mwaka 2001 kwa ajili ya kusimamia md, itausimamisha upacha huo kwa mguu mmoja na kukupa faili zako. Maelezo yote ya mpango yamo kwenye diski yenyewe, na namna yanavyoandikwa iko wazi kwa kila mtu. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niizime kadi yako.

Lipo jambo ambalo kadi hulifanya vizuri kuliko Linux, nami sitalificha. Diski ikifa, kadi huwasha taa ya njano au nyekundu kwenye trei husika, na hata mlinzi wa usiku anaweza kukupigia simu akakueleza ni trei ipi. Linux kwa kawaida hukutajia herufi tu, kwamba sdb imekufa, na kazi ya kujua sdb ni trei ipi inabaki kwako. Mimi mwenyewe niliwahi kuchomoa diski nzima nikaiacha mbovu ndani. Ilikuwa seva ya shule, usiku, nikimulika kwa simu, nami nikadhani sda ni trei ya kushoto kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye seva niliyoizoea. Seva ilisimama papo hapo. Niliirudisha diski, nikawasha upya, data ikawa salama, ila jasho lililonitoka usiku ule sijalisahau. Linux huzigawa herufi hizo kwa mpangilio wa kuzigundua diski, na zinaweza kubadilika seva inapowashwa tena. Kwa hiyo kabla ya kuzisukuma diski zako kwenye nafasi zake, soma namba ya mfululizo kwenye lebo ya kila moja, andika tarakimu zake nne za mwisho kwenye kipande cha plasta nyeupe, na ukibandike mbele ya trei. Siku ya siku, amri ya smartctl -i itakuonyesha namba ya diski iliyobaki hai. Ile usiyoiona ndiyo ya kuchomoa.

Pia hakikisha utaambiwa. Upacha hufanya kazi kimya hata ukiwa na mguu mmoja, na nimezikuta seva zilizoishi hivyo zaidi ya mwaka bila mtu kujua. Kwenye faili la /proc/mdstat utaona, ndani ya mabano mraba, herufi UU diski zote mbili zikiwa hai, na U pamoja na kistari cha chini moja ikiwa imekufa. Usitegemee kukumbuka kulisoma. Weka anwani yako ya barua pepe kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya /etc/mdadm/mdadm.conf, kisha piga amri ya mdadm --monitor --scan --test --oneshot na usubiri barua ya majaribio ifike kwenye simu yako. Isipofika, shughulikia hilo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Katika seva nyingi barua hizo huishia kwenye sanduku la root, mtumiaji mkuu wa mfumo, ambalo halifunguliwi na mtu.

Kuna mtego mmoja wa wakati wa kuweka Debian. Data zinaweza kuwa pacha ilhali kianzishi cha mfumo kipo kwenye diski moja tu, na diski hiyo ikiwa ndiyo iliyokufa, seva haitawaka ingawa data zote zipo. Kwenye seva za BIOS ya zamani, piga grub-install kwa diski zote mbili; kwenye seva za UEFI, mfumo mpya wa kuwashia, tenga sehemu ya kuwashia katika kila diski na unakili yaliyomo katika ya kwanza kwenda ya pili. Kisha fanya jaribio ambalo wengi huliogopa: zima seva, chomoa diski ya kwanza, washa, uone kama inaamka. Izime tena, irudishe diski, washa, uiingize tena kwenye upacha kwa mdadm --add kama haikuingia yenyewe, na umwache md amalize kuzilinganisha, kisha ufanye vivyo hivyo kwa ya pili. Yafanye haya sasa, seva ikiwa haina hata jina la mwanachama mmoja.

Ukishaamua kuiacha kadi, iache kweli. Tafuta katika mipangilio yake hali ya HBA, ambayo huzipitisha diski kwa Linux kama zilivyo. Wapo mafundi ambao, kadi isipokuwa na hali hiyo, huifanya kila diski kuwa RAID 0 ya diski moja kisha wakaweka md juu yake. Inafanya kazi, lakini kadi bado imeshika maelezo yake kwenye diski, na siku ikifa umerudi kulekule tulikokuwa tunakukimbia. Kama kadi yako haina hali hiyo, mothabodi nyingi za seva zina soketi zao za SATA, zitumie hizo.

Seva ya muuzaji, basi, ni ipi? Ni ile yenye diski nyingi za kuzunguka na hifadhidata inayoandikwa mfululizo na mamia ya watu, yenye kadi ambayo betri yake ni nzima na kadi ya akiba imo kabatini. Ni seva ya VMware ESXi pia, yaani mfumo wa kuendesha seva kadhaa ndani ya kompyuta moja, kwa kuwa mfumo huo hauna upacha wake wa programu kwa diski za ndani. Ningeitaja vilevile ofisi ambayo hakuna kabisa mtu wa kuandika amri, na kazi pekee inayoweza kuachiwa waliopo ni kubadili trei yenye taa nyekundu.

Utasikia pia habari za ZFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski wenye upacha wake, iliyotoka Sun Microsystems na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005. Ubora wake katika upacha ni wa kweli. Kila mwezi, Jumapili ya kwanza, Debian huzilinganisha diski pacha za md, lakini ikikuta zinatofautiana na wala hakuna iliyolalamika, haina njia ya kujua ipi inasema kweli. ZFS huweka alama ya uthibitisho kwa kila kipande cha data, kwa hiyo huijua nakala iliyoharibika na kuirekebisha kutoka kwa mwenzake. Ukiwa na muda wa kujifunza, jifunzie kwenye kompyuta nyingine. Kwa mtu mmoja anayeitunza seva ya chama peke yake, ningeanza na kile ambacho atakiweza saa nane za usiku.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Mombasa. Kliniki yetu ina kompyuta ya kawaida tunayoitumia kama seva ya Linux. Kwenye mipangilio ya mothabodi kulikuwa na RAID, nikaiwasha nikiamini kwamba hiyo ni RAID ya kifaa, si ya programu. Shida ni kwamba kila baada ya wiki chache diski moja hutolewa kwenye upacha. Nikiipima naambiwa ni nzima, nikiirudisha hukaa tena wiki kadhaa. Je, mothabodi ndiyo mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza tusahihishe jina. RAID ya mothabodi za kawaida ni programu iliyovaa joho la kifaa. Mothabodi huandika mpango kwenye diski na kusaidia wakati wa kuwasha. Baada ya hapo kazi yote hufanywa na prosesa yako kwa kupitia mfumo endeshi, kama ambavyo md ingefanya. Umechukua ubaya wa kadi, ambao ni kufungamana na mtengenezaji, ukaukosa uzuri wake, ambao ni kumbukumbu yenye betri. Linux inaweza kuitambua mipango kadhaa ya namna hii, ikiwamo ya Intel ambayo mdadm huielewa, lakini sioni sababu ya kubaki huko. Toa data zote nje, rudisha mipangilio kwenye AHCI, yaani hali ya kawaida ya diski isiyo na RAID, kisha uanze upya na md.

Kuhama huko peke yake hakutaponya ugonjwa wako wa wiki chache, na huenda mothabodi haina kosa lolote. Anza na waya. Piga smartctl -A kwa diski inayotolewa, uangalie kipengele namba 199, ambacho huhesabu makosa yanayotokea data ikiwa njiani kati ya diski na mothabodi. Ukiikuta hesabu hiyo imepanda, na ikaendelea kupanda, badilisha waya wa SATA kwanza. Nimeona diski nzima zikitupwa kwa kosa la waya wa bei ya soda.

Kama namba 199 ni sifuri, angalia namba 197, inayohesabu sehemu za diski ambazo diski yenyewe imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. Hapa ndipo diski za kompyuta za mezani zinapotofautiana na diski za seva. Diski ya mezani huchukulia kwamba iko peke yake na kwamba isipoisoma sehemu hiyo hakuna mwingine wa kuisoma, kwa hiyo hujaribu tena na tena, pengine kwa dakika nzima au zaidi, bila kumjibu mtu. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30 na kadi nyingi husubiri chini ya hapo. Diski isipojibu huhesabiwa kuwa imekufa na kutolewa. Ukija kuipima iko macho, inajibu vizuri, na kipimo kinasema ni nzima. Diski iliyotengenezwa kwa kazi ya RAID hukata tamaa mapema, baada ya sekunde 7 hivi, huripoti kosa, nayo md huichukua nakala kutoka kwa pacha na kuiandika upya palipoharibika.

Jaribu amri ya smartctl -l scterc,70,70 kwa kila diski. 70 hapo ni sehemu za kumi za sekunde. Ikikubali, iweke kwenye mambo yanayofanyika seva inapowaka, kwa kuwa diski nyingi huusahau mpangilio huo zikizimwa. Ikikataa, fanya kinyume chake: mwongezee Linux uvumilivu kwa kuandika 180 kwenye faili la timeout la diski hiyo lililomo ndani ya /sys/block. Makarani wataona seva imeganda kwa dakika moja au mbili siku diski itakaposhikwa na kigugumizi, lakini upacha hautavunjika kwa sababu hiyo. Na kama namba 197 inaongezeka wiki hadi wiki, diski hiyo inakufa kweli, hata kipimo cha jumla kikiendelea kuisifu. Inunulie mbadala sasa, ikiwezekana ya toleo jingine au ya duka jingine, ili pacha wako wasiwe wamezaliwa siku moja na kuzeeka siku moja.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Ninatunza hesabu za nyumba ya wageni hapa Unguja. Seva yetu ina diski pacha za TB 2 zilizofungwa na Linux, nami nina diski ya tatu ya ukubwa huohuo. Kila Ijumaa jioni nachomoa diski moja naenda nayo nyumbani, na mahali pake naweka ile iliyokuwa nyumbani. Kwangu hiyo ndiyo bakapu. Jamaa mmoja fundi ananiambia nitajuta, lakini hakunieleza kwa nini.

JIBU: Marahaba. Kwanza nakupongeza, maana una nakala iliyo nje ya jengo, na wasomaji wangu wengi hawana. Unajua pia kwamba upacha peke yake si bakapu, kwa kuwa faili ukilifuta kwa bahati mbaya, diski zote mbili hulifuta kwa utiifu uleule. Nia yako ni njema, ila njia uliyoifuata inakuweka hatarini kila Ijumaa.

Tangu unapochomoa diski hadi ile nyingine inapomaliza kujazwa, seva yenu imesimama kwa mguu mmoja. TB 2 kwa mwendo wa MB 150 kwa sekunde huchukua saa 3 na dakika 40 hivi kama hakuna mtu anayeitumia seva, na huzidi hapo kama wapo. Katika muda huo diski iliyobaki husomwa kuanzia mwanzo wake hadi mwisho, sehemu ambazo hazijaguswa kwa miezi zikiwamo, na huo ndio wakati ambapo diski inayougua hudhihirisha ugonjwa wake. Wewe unauita wakati huo mara 52 kwa mwaka. Isitoshe, diski uliyoichomoa seva ikiwa inafanya kazi iko katika hali ya kompyuta iliyokatiwa umeme ghafla. Hifadhidata iliyoundwa vizuri itajiinua kutoka hapo, lakini programu nyingi za hesabu huweka data kwenye faili zisizostahimili jambo hilo, nawe hutajua mpaka siku utakapolihitaji faili lenyewe.

Ziache pacha mahali pake. Diski ya tatu itie kwenye kikasha cha USB, na kila usiku seva iandike humo nakala ya hifadhidata iliyotolewa na programu yenyewe, kwa mfano kwa pg_dump kama ni PostgreSQL au mysqldump kama ni MySQL, pamoja na nakala ya faili nyingine kwa rsync, kila siku katika folda yenye tarehe yake, ili kosa la Jumanne lisije likafunika data nzima za Jumatatu. Ijumaa funga diski hiyo kwa amri ya umount, ichomoe, uende nayo nyumbani kama ulivyozoea. Kuna shida moja, kwamba ikiwa nyumbani seva haina pa kuandika mpaka utakaporudi nayo kesho yake. Ukipata diski ya nne, hata ndogo, zipishane. Na Ijumaa ya kwanza, kabla hujaiamini, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, uirudishe hifadhidata humo, na ufungue risiti ya mgeni aliyelala juzi uone kama kiasi chake kimekuja sawa. Diski ya tatu unayo tayari. Kilichobaki kununua ni kikasha.